Mshauri wa pensheni, muulize kwanza nani anamlipa

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana siku hizi kila mtu anajiita mshauri wa kujitegemea wa mafao na uwekezaji na mimi kazi hii nimeifanya miaka 16, ninalo la kusema.

Nilianza kama muuza bima. Kwenye kadi waliniandika "mshauri" ila mshahara ulikuwa kiduchu, hela ilikuwa kwenye kamisheni, na mpango mbovu ndo ulikuwa na kamisheni nono. Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu alikuja na kiinua mgongo chake chote nikamuuzia mkataba wa miaka 15, ye mwenyewe ana 61. Akasaini kila ukurasa bila kusoma, akaondoka na kalamu yangu kwa bahati mbaya, kesho yake akairudisha. Baadae mumewe akaugua akataka hela yake, nikamsomea kile kifungu cha adhabu ya kuvunja mkataba. Alisema tu "kumbe". Mwaka ule ule niliacha.

Kujitegemea sio kuwa na ofisi yako, ni kwamba anayekulipa ni mteja peke yake, basi. Na hata hapo pana mtego, ukimtoza asilimia 1 ya akiba yake kila mwaka anaona kidogo, ila piga hesabu: 100 ikikua kwa asilimia 7 miaka 30 inafika kama 761, ikikua kwa 6 inaishia 574, yaani karibu robo imeliwa na ada. Mimi nikahamia malipo ya saa, nikakaa karibu miaka miwili wateja wa kuhesabu, watu wanaona bora "ushauri wa bure" hawajui kamisheni imo humo humo. Uingereza walishapiga marufuku kamisheni za namna hiyo kwenye bidhaa za uwekezaji tangu mwisho wa 2012.

Vijana wanaotaka kazi hii wananiuliza mahesabu. Mahesabu utajifunza, hata ile kanuni ya asilimia 4 aliitoa mshauri mwenzetu wa Marekani, Bengen, mwaka 1994: mstaafu atoe asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka aongeze kiasi hicho kufuata mfumuko wa bei, hela imfikishe miaka 30. Nzuri, ila ni data za masoko ya kwao, sio amri ya Mungu. Kazi yenyewe ni simu ya saa tano usiku. Machi 2020 hisa zinaporomoka mteja anapiga anataka auze zote, namuuliza hii hela unaihitaji lini, anasema labda baada ya miaka kumi, halafu tunanyamaza wote. Wawili waliuza, mpaka leo hawataki tuiongelee.

Ombi langu mhariri, na wewe unachapisha matangazo ya washauri kila wiki. Wabaneni waandike hapo hapo chini ya namba ya simu wanalipwa na nani.

Mshauri wa malipo ya saa