Majani ya huku hayataki joto

Oya kaka, za siku? Shemeji na watoto hawajambo? Nisamehe kimya changu, tangu mwezi wa sita uanze hata muda wa kujikuna sina, huku Maryland, Marekani, ndo joto lenyewe na kwenye huu uwanja wa gofu ninaotunza majani wachezaji wanajaa kama daladala ya Mbagala, wa kwanza anapiga saa moja asubuhi kwa hiyo sisi saa kumi na moja alfajiri tushawasha mashine.

Unakumbuka nyumbani tulivyokuwa tunaachia mpira wa maji tu na majani yanachekelea? Sahau. Ile ni bermuda, mtoto wa jua. Huku kwenye grini, pale penye shimo la kuingizia mpira, kuna bentigrasi, majani ya baridi haya, yanakatwa yanabaki milimita 3 hivi na joto likizidi mizizi inajifia huko chini. Sasa mimi na ujuaji wangu, mwezi wa saba nikaona grini ya 7 inageuka rangi kama bluu bluu nikajua kiu, nikailowesha mpaka ukikanyaga inabonyea. Kesho yake jua likawaka, udongo wa moto umejaa maji mizizi itapumulia wapi, siku tatu mbele likatokea baka la njano ukubwa wa mkeka. Bosi wala hakunifokea, akachomoa kipande cha udongo akaniambia nusa. Kaka, mtaro!

Kumbe maji ya mchana unayarusha kama manyunyu tu, kidogo sana, yakaukie juu ya jani lipoe, sio ya kunywa. Ya kunywa unapima kwanza, kuna kidude cha vyuma viwili unakichoma ardhini kinakwambia unyevu asilimia ngapi, palipo pakavu ndo unapeleka mpira wa maji, pa jirani unapaacha. Na hapo wazee wanne wamesimama na fimbo zao za gofu wanakungoja upishe, mmoja anaguna, unampungia mkono unaendelea.

Jumamosi hatukukata kabisa, tulipitisha rola tu majani yapumzike, mipira ikateleza vizuri tu na hakuna aliyeshtuka. Ile ya 7 tumeitoboa vitundu vya sindano hewa iingie, jana nimeona kijani kinachungulia pembeni ya baka.

Jumapili natoka saa tisa mchana, kwenu saa nne usiku, usilale ntakupigia.