Uaminifu kwa chama sio kumfichia kiongozi aliyeshindwa

Mhariri naomba nafasi kidogo. Hapa mwaloni Kirumba vijana wanaopakua dagaa wanabishana siasa za Marekani toka asubuhi, na wengi wanasema mwanachama wa kweli anasimama na kiongozi wake hata akishindwa, mi hapo nakataa kabisa.

Angalieni jimbo la Georgia jamani, uchaguzi wa rais wa 2020. Trump wa chama cha Republican alizidiwa na Biden kura 11,779, zikahesabiwa mara tatu, mara moja kwa mkono, bado tarehe 2 Januari 2021 akampigia simu Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo na Republican mwenzake, anataka apatiwe kura 11,780, jamaa akagoma. Siku tatu baadae ikaja marudio ya uchaguzi wa viti viwili vya Georgia kwenye Seneti, baraza la juu la bunge lao, Republican wakakosa vyote na Seneti yenyewe ikawaponyoka. Sasa mtu ukimwambia kila siku kura yake inaibiwa, foleni atapanga ya nini?

Kinachoniuma zaidi ni Liz Cheney, mbunge wa Republican, 2022 wanachama wenzake wa Wyoming walimpiga chini kwenye kura za maoni kisa amekataa kusema uchaguzi uliibiwa. Ila mwaka huohuo Raffensperger alipita na akashinda tena.

Najua mtaniambia Trump karudi 2024, ni kweli, kashinda mpaka Georgia, na Harris, mpinzani wake wa Democratic, akakubali matokeo kesho yake tu baada ya kupiga kura. Wenzangu wa Kirumba, hapo nani alikiheshimu chama chake?

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza