Yah: Malalamiko kuhusu mkanda wa juu wa nyumba yetu, na ombi la kusitisha kazi ya paa

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ujenzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea madai yenu ya malipo ya awamu ya tatu, pamoja na taarifa kwamba mafundi wa paa wataanza kupandisha kenchi (fremu za kubeba paa) Jumatatu katika nyumba yetu ya Kigamboni. Tunawaomba msipandishe hata moja. Mkanda wa juu mliomwaga, yaani boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta, haufuati mchoro wala mkataba, na kenchi zikishakaa juu yake, kuurekebisha kutakuwa ni kufumua paa zima.

Tuanze na saruji, maana hesabu yake haina ubishi. Mkanda una urefu wa mita 62, upana sm 15 na kina sm 20, yaani meta za ujazo 1.86. Mchoro unataka zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), ambalo hula takribani mifuko 6 na nusu kwa kila meta ya ujazo. Hiyo ni mifuko 12, bado hujahesabu kinachomwagika. Daftari la stoo yenu linaonyesha ilitoka mifuko 8. Kwa ujazo ule, mifuko 8 inaangukia karibu na 1:3:6, zege la kusawazishia chini ya msingi, si la kubeba paa. Msimamizi wenu anasema vipimo vilifuatwa, lakini mchanga na kokoto vilipimwa kwa chepe, moja limejaa, jingine nusu. Kipimo ni ndoo ya lita 20: kwa kila mfuko wa kilo 50, ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto, na maji yasiyozidi lita 25, yapunguzwe zaidi mchanga ukiwa umelowa.

Maji nayo yana shida mbili. Yaliongezwa ovyo ili zege liteleze ndani ya mbao, na zege la uji hupoteza nguvu hata kama saruji inatosha. Pili, yalitoka kisimani, na chumvi yake inasikika ulimini. Mkataba unasema maji ya bomba au ya boza. Chumvi ikifika kwenye nondo huleta kutu, kutu huvimba, na mkanda hupasuka kwa urefu wake. Karibu na bahari hilo si jambo la kubahatisha.

Nondo 4 za mm 12 zipo, tunakiri. Ila maungio yake yana sm 25 badala ya sm 60, na kwenye kona 3 kati ya 6 nondo zimeishia pale pale zilipokutana. Zilipaswa kukunjwa na kuingia upande wa pili, kwa sababu konani ndiko kuta zinakovutana. Nondo zisipopita kona, mkanda unabaki vipande vilivyolazwa juu ya tofali. Biskuti za kuinulia nondo hazikuwekwa, kwa hiyo juu ya madirisha 2 ya nyuma ringi (vyuma vinavyozifunga nondo pamoja) zinaonekana kwa macho, wakati zilitakiwa zifunikwe na zege la mm 25. Hapo hapo pana mashimo kama sega la nyuki, dalili kwamba zege halikushindiliwa.

Lililotuudhi kuliko yote ni mkanda ulio juu ya dirisha la sebule, lenye upana wa mita 2.4. Mirunda na ubao wa chini vya kuushikilia viliondolewa siku ya 5. Vilitakiwa kukaa siku 14. Kamba iliyovutwa toka ncha hadi ncha inaonyesha kati pameshuka mm 9, na kuna nyufa 2 zinazopanda kutoka chini. Zege hilo pia lilimwagiliwa siku moja tu, badala ya siku 7.

Mafundi wenu wamependekeza kuziba kwa plasta. Hatukubali. Plasta haiongezi urefu wa nondo, na hewa ya chumvi hupenya ndani yake.

Tunachotaka ni hiki. Mkanda wa dirisha la sebule na kona 3 zivunjwe, nondo ziungwe upya kwa sm 60, zege limwagwe upya mbele ya mhandisi wetu. Penye mashimo, kwangueni hadi zege gumu, safisheni, lowesheni, kisha jazeni zege la kokoto ndogo. Sehemu itakayobaki ipimwe kwa kukata vipande na kuvipeleka maabara, kwa gharama yenu. Vikishindwa, mkanda wote ushuke.

Kuhusu jamvi (zege la sakafu), msilimwage bado. Kifusi cha sm 60 cha chini yake kimejazwa kwa mkupuo na kushindiliwa juu tu. Kitolewe, kirudishwe kwa tabaka za sm 15, kila moja ikimwagiwa maji na kushindiliwa.

Malipo ya awamu ya tatu yatatoka mhandisi atakapoidhinisha kazi hiyo kwa maandishi. Tunasubiri ratiba yenu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita kimya, tutafikisha shauri hili Bodi ya Usajili wa Makandarasi, pamoja na picha na nakala ya daftari la stoo.

Wenu,
Wamiliki wa nyumba

Nakala: Mhandisi mshauri