Fidia ya safari ya ndege ilipwe bila abiria kuidai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ambayo abiria wengi wa ndege huipoteza kwa sababu tu hakuna anayewaambia kwamba wanayo. Safari inapofutwa au kuchelewa kwa saa nyingi, abiria hutangaziwa kuwa kumetokea "sababu za kiutendaji", hupewa maji na chakula kidogo, na wakati mwingine kitanda cha hoteli. Hatimaye hufika aendako akiwa hoi, akamshukuru Mungu kwamba amefika salama, na hadai chochote zaidi. Kumbe mara nyingi shirika lililomsafirisha bado lina deni kwake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Viwango vyake ni euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa safari za masafa ya kati, na hadi euro 600 kwa safari ndefu zaidi. Kanuni hiyo humlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa ndege wa nchi mwanachama, awe raia wa nchi yoyote na shirika liwe la bara lolote. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wasafiri wanaodhani kwamba fedha hizo ni za wenyeji wa huko peke yao. Kwa anayesafiri kuelekea huko akitokea nje, kanuni humhusu iwapo shirika lenyewe ni la Umoja huo.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeyaziba matundu mengi ambayo mashirika yalikuwa yakipenyea. Mwaka 2009 iliamua kwamba anayefika akiwa amechelewa kwa saa tatu au zaidi anastahili fidia sawa na yule ambaye safari yake ilifutwa, na mwaka 2014 ikafafanua kuwa saa ya kufika ni ile ambayo angalau mlango mmoja wa ndege umefunguliwa, wala si wakati magurudumu yanapogusa ardhi. Kuhusu kisingizio cha hitilafu za kiufundi, tangu mwaka 2008 mahakama hiyo imeshikilia kwamba hitilafu inayotokana na uendeshaji wa kawaida wa ndege haiwezi kuitwa tukio lisilo la kawaida la kuliondolea shirika wajibu wa kulipa fidia, kwa maana matengenezo ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata pale ambapo fidia haitakiwi, kama wakati majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, wajibu wa kumlisha abiria na kumpa malazi unabaki palepale.

Nje ya mfumo huo upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za kimataifa kati ya nchi zilizouridhia. Huu hautoi kiasi kilichopangwa: abiria hulipwa hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa, hadi kikomo kilichowekwa, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyowezekana kuizuia. Ndiyo maana stakabadhi za hoteli, teksi na chakula ni mali, na zisitupwe. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Ninalolipigania, Ndugu Mhariri, ni kwamba haki hizi zisimtegemee abiria mjuzi na mwenye subira ya kuandika barua baada ya barua. Shirika lina jina la abiria, lina mawasiliano yake, mara nyingi lina hata njia aliyolipia tiketi. Linajua mlango ulifunguliwa saa ngapi na linaijua sababu ya kuchelewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa nini basi mzigo wa kuanza uwe wa abiria, ambaye anajua tu kwamba alikaa ukumbini usiku kucha? Sheria iyalazimishe mashirika kumwandikia kila abiria sababu kamili ya usumbufu, kisha yamlipe bila kuombwa pale fidia inapostahili. Na shirika linaloona halipaswi kulipa ndilo lipeleke ushahidi wake kwa msimamizi wa usafiri wa anga.

Mashirika husema kwamba fidia hupandisha nauli, na kwamba wakati mwingine huizidi hata nauli yenyewe. Ni kweli kwamba inaweza kuizidi, lakini anayekosa mazishi ya mzazi au siku ya usaili hakupoteza nauli tu. Hoja ya usalama ndiyo nzito, nami siipuuzi: hatutaki rubani afikirie fidia anapoamua kama ndege iko salama kuruka. Lakini dawa yake ni kuutenga kabisa uamuzi wa rubani na hesabu za kampuni, kuwa na ndege na wahudumu wa akiba, na kuacha kupanga ratiba zilizobana kiasi kwamba kuchelewa kwa asubuhi huburuta safari zote za siku hiyo. Hayo yamo mikononi mwa menejimenti. Abiria aliyelipa nauli yake kamili hana namna ya kuyarekebisha, na asibebeshwe gharama yake.

Wako,
Msomaji na msafiri