Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ardhi, Nyumba na Safari za Kazini Maryland

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, na habari za misiba, harusi na wagonjwa ameziandaa katibu. Mimi nimeomba nafasi yangu niitumie kwa jambo moja ambalo mwaka huu limegusa karibu kila kaya yetu hapa Maryland: wapi panaruhusiwa kujengwa, wapi tunamudu kuishi, na nani anayeamua.

Jimbo letu linajulikana Marekani nzima kwa sera ya ukuaji wa miji wenye mpango. Mwaka 1997, Parris Glendening akiwa gavana, Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya maeneo ya kipaumbele. Sheria hiyo haikumkataza mtu kujenga popote. Ilisema tu kwamba fedha za jimbo za barabara, maji na mabomba ya maji taka zielekezwe kule ambako watu wameshakaa: kwenye manispaa zilizokuwapo, ndani ya barabara za mzunguko za Baltimore na Washington, na kwenye maeneo ambayo kaunti zenyewe zitayachora, mradi makazi mapya yafikie wastani wa nyumba 3.5 kwa ekari. Anayetaka kujenga porini ajenge, ila asitegemee mkoba wa serikali.

Mimi ni mtetezi wa sheria hii, na bado nasema ina tundu kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jimbo linashika mkoba, lakini kalamu ya kuchora ramani ya matumizi ya ardhi iko kwenye kaunti. Kampuni ya ujenzi inayoweza kuchimba kisima na shimo la maji taka kwa kila nyumba haihitaji bomba la mtu. Ndiyo maana nyumba kubwa kwenye viwanja vikubwa ziliendelea kuchipua nje ya maeneo ya kipaumbele mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2012, wakati wa gavana Martin O'Malley, tundu hilo lilizibwa kwa sehemu. Kaunti zilitakiwa kugawa ardhi yake katika madaraja manne, na katika daraja la nne, la mashamba na misitu, huwezi tena kukata mtaa mzima wa viwanja vinavyotegemea mashimo ya maji taka. Sababu yake ni Ghuba ya Chesapeake, kwa kuwa naitrojeni inayovuja kutoka kwenye mashimo hayo huishia humo, ikalisha mwani na kuwanyima kaa na samaki hewa. Naeleza haya kwa sababu mwaka huu kamati ililetewa kesi ya ndugu waliochanga fedha wakanunua shamba, wakidhani watalikata kama tunavyokata urithi nyumbani, kila mmoja apate kiwanja chake. Haikuwezekana. Tafadhali, kabla ya kutoa hata senti ya kishika uchumba, piga simu ofisi ya mipango ya kaunti uulize shamba liko daraja gani. Dalali hana haraka ya kukuambia.

Sasa nije kwenye suala zito zaidi, la umbali. Wanachama wetu wengi wamehamia Frederick, mwendo mrefu kutoka Washington, na kupita Frederick kwa sababu huko nyumba yenye uwanja bado inashikika. Siwalaumu. Lakini tazameni gharama yake. Wengi wetu ni wahudumu wa wazee, wauguzi, madereva na wapiga boksi, na zamu zetu ni za usiku na za wikiendi. Treni ya MARC ya upande wa Frederick huenda Washington asubuhi na kurudi jioni, siku za kazi tu. Mhudumu anayeingia zamu saa tano za usiku kule Silver Spring haina faida kwake. Anabaki na gari, na familia yenye watu wazima watatu inabaki na magari matatu, bima tatu na foleni ya barabara ya 270. Ukijumlisha petroli na bima, ile nafuu ya mkopo wa nyumba inayeyuka. Hilo linapaswa kuwa hoja yetu ya kwanza kila tunaposimama mbele ya maofisa wa mipango: nyumba nafuu iliyo mbali na basi si nafuu.

Serikali ya gavana Wes Moore inakadiria kwamba jimbo lina upungufu wa nyumba 96,000. Sheria ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inamruhusu mjenzi kuongeza idadi ya nyumba karibu na kituo cha treni, ndani ya robo tatu ya maili, akikubali kutenga sehemu kwa watu wa kipato kidogo. Oktoba mwaka huu zimeanza pia kanuni nane mpya za mipango badala ya dira kumi na mbili za zamani. Ni maneno mazuri. Tutayaamini tukiyaona kwenye ramani.

Katika kaunti ya Montgomery, Baraza la Kaunti lilipitisha Julai mabadiliko yanayoruhusu nyumba pacha na majengo madogo ya ghorofa kandokando ya barabara kubwa kama Georgia Avenue, Veirs Mill Road na University Boulevard. Vikao vyake vilikuwa vya moto. Wamiliki wa nyumba walijaa. Wapangaji, ambao ndio sisi, tulikuwa kazini.

Nawaomba mkazanie sheria moja ya mwaka huu, inayozitaka kaunti na manispaa ziwe zimepitisha, kufikia tarehe 1 Oktoba 2026, sheria zao za kuruhusu nyumba ndogo za uani. Mnaelewa inamaanisha nini kwetu: bibi akija kutoka Tanga au Mombasa anapata mlango wake mwenyewe, kijana anaanza maisha bila kukimbilia mbali, na kodi ya pango inasaidia kulipa mkopo. Montgomery imeshalegeza masharti tangu 2019. Kwa wenzetu wa kaunti ya Prince George's, kazi ndiyo inaanza. Kaunti inaweza kukubali kwa sheria na kukataa kwa masharti: nafasi mbili za maegesho, ada ya kibali isiyolipika, umbali usiowezekana kutoka uzio. Macho yetu yawe hapo.

Kuhusu Purple Line, reli nyepesi ya maili 16 na vituo 21 kutoka Bethesda hadi New Carrollton, inatarajiwa kubeba abiria majira ya baridi ya 2027 kuingia 2028. Wanaoishi Langley Park wanaisubiri kwa furaha na hofu pamoja, maana reli ikifika mwenye nyumba hupandisha kodi. Montgomery ina sheria inayozuia ongezeko kupita asilimia 6 kwa mwaka, ingawa majengo mapya yamesamehewa. Hifadhini mikataba yenu na risiti zote.

Baadhi yenu mmeshauri tuungane na wanaotaka hifadhi ya mashamba ya Montgomery, ekari 93,000 zilizotengwa tangu 1980, ifunguliwe kwa makazi. Kamati haikukubali, na mimi nilipinga. Huko hakuna basi wala bomba. Tungezalisha Frederick nyingine. Nyumba zijengwe penye reli.

Kamati inapendekeza chama kilipie usafiri na malezi ya watoto kwa wanachama wanaokwenda kutoa maoni kwenye vikao vya kaunti, na fedha hizo zitoke kwenye bajeti ya tafrija ya mwisho wa mwaka. Najua wapo watakaonung'unika. Pendekezo ni ajenda ya nne, na fomu ya kujiandikisha anayo katibu.