Kumtafuta babu kwenye njia ya wapagazi

London

Baba mdogo na Shangazi, shikamooni.

Natumai barua hii itawakuta salama hapo Tabora pamoja na vijana wote. Mimi huku sijambo, baridi tu. Ama baada ya salamu, mmeniuliza tuanzie wapi kumtafuta yule babu wa ukoo anayesemwa alibeba mizigo mpaka pwani "enzi za Stanley", yule msafiri Mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone. Nimeona niandike kwa urefu, maana kazi kubwa iko kwenu, si kwangu.

Huyo Stanley tumweke pembeni kwanza. Kila ukoo ulio karibu na Kwihara una babu aliyembebea Stanley mzigo, na sababu inaeleweka: tembe walilokaa yeye na Livingstone lipo, shuleni tumefundishwa, na jina linakumbukika. Lakini misafara ya Wazungu katika karne ile ilikuwa ya kuhesabika, ilhali njia ya Bagamoyo na Unyanyembe, yaani nchi yenu ya Tabora, ilipitisha maelfu ya wapagazi kila mwaka, wengi wakiwa kwenye misafara ya Waarabu, ya Waswahili wa Mrima na ya Wanyamwezi wenyewe. Burton na Speke, wale wasafiri Waingereza, hawakufungua njia hiyo mwaka 1857. Waliikuta imekanyagwa zamani, wakamfuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Kwa hiyo babu anaweza asiwemo kwenye orodha yoyote ya Mzungu, lakini kambi alizolala, maji aliyokunywa na hongo (ushuru wa kupita) iliyotolewa kwa watemi njiani vikawa vimeandikwa siku kwa siku. Tutafute mahali na mwaka. Jina litafuata, kama lipo.

Basi mtakapoketi na wazee msiwatajie Stanley wala Livingstone. Ukimuuliza mzee "je, alikwenda na Stanley?" atakubali kwa adabu tu, na kuanzia siku hiyo jibu hilo litakuwa historia ya ukoo. Ulizeni mambo madogo: Alibeba nini, pembe, nguo au shanga? Mzigo aliubeba begani, kichwani, au wawili kwa mti? Alilipwa kwa nini? Aliondoka majira gani? Waliogopa kupita wapi? Wekeni simu irekodi, kisha andikeni maneno yaleyale ya mzee hata kama ni Kinyamwezi kisichoeleweka vizuri, na maelezo yenu yakae pembeni. Neno moja la zamani linaweza kutufaa kuliko hadithi nzima iliyolainishwa. Mzee akisema "doti", ameshatuambia malipo yalikuwa ya nguo: doti moja ni shuka mbili, na shuka ni mikono minne. Akitaja "frasila", hiyo ni kama ratili 35, yaani kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili.

Msisahau watani. Utani wa Wanyamwezi na watu wa kuelekea pwani unahusishwa sana na safari hizo za kubeba mizigo. Ulizeni ukoo wetu unataniana na nani na huwa wanaambiana nini. Kama mtani wetu ni Mzaramo na mzaha wenyewe unahusu kiu, kiporo au mzigo uliotupwa porini, hiyo ni dalili ya njia, na watu huisahau kwa sababu wanaiona ni vichekesho.

Sasa miaka. Hesabuni kurudi nyuma kwa vizazi: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Kwa kawaida tunaweka miaka 25 hadi 30 kati ya baba na mwana, ila kuna mtego. Mzee mwenye wake wengi aliweza kupata mtoto akiwa na miaka 60, na huyo kitinda mimba ndiye aliyeishi mpaka karne iliyofuata akasimulia. Kizazi kimoja cha namna hiyo kinakula miaka 40 au zaidi. Kwa hiyo kila kizazi kifungeni kwenye tukio. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe aliuawa 1865. Vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilianza 1871, na Mirambo alifariki Desemba 1884. Sotoka ilimaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa Januari 1893. Reli ilifika Tabora 1912, na Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916. Hata funza ana tarehe yake: aliingia kwetu kutoka magharibi kwenye miaka ya 1890, kwa hiyo safari ambayo wapagazi walikatika vidole kwa funza si ya siku za Burton. Swali zuri ni "mwanawe wa kwanza alizaliwa kabla ya Mirambo kufa au baada?" Ukimuuliza mzee "mwaka gani?" hupati kitu.

Majira nayo yanasaidia. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walishuka pwani kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya kulima. Msimulizi akisema babu alikaa pwani masika nzima, basi kuna lililomzuia: vita, ugonjwa, deni, au aliajiriwa na msafara mwingine. Pale ndipo pa kuchimba.

Kwenye majina ya mahali mtapata taabu, kwa sababu kila msafiri aliandika alivyosikia. "Kazeh" ya Burton ni hapo hapo Tabora. "Kingani" ni mto Ruvu. "Mukondokwa" ni Mkondoa. "Simbamwenni" ilikuwa pale Morogoro. Njia yenyewe inasema kitu: Burton na Speke walitokea Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakapita Khutu na Zungomero, wakavuka Rubeho, Ugogo na pori la Mgunda Mkali, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Stanley mwaka 1871 alipita Simbamwenni na Mpwapwa, akaingia Ugogo, akafika Unyanyembe Juni. Wazee wakitaja Zungomero, nitaanza kuangalia miaka ya 1850 na 1860. Wakitaja Simbamwenni, nitaanza na 1870. Ni dalili tu, lakini inapunguza makaratasi. Mgunda Mkali hakuna aliyepita bila kuisimulia, kwa sababu ya ukosefu wa maji. Mkitajiwa Tura, jueni ni ukingo wake wa upande wetu.

Tatizo la pili la mahali ni kwamba vijiji vilihama. Kambi nyingi ziliitwa kwa jina la jumbe, "kwa fulani", na jumbe akihama au akifa jina linahama naye au linapotea. Msitafute jina kwenye simu mkaweka alama ya kwanza itakayotokea. Tafuteni lisilohama: kivuko, mwamba, chemchemi, njia ya mlimani. Mimi huku nachora kutoka kwenye daftari za safari kwa saa za mwendo, mwelekeo wa dira na latitudo. Latitudo zao ni za kuaminika kwa kiasi, maana zilipimwa kwa jua au nyota. Longitudo zilitegemea saa iliyotikisika mgongoni mwa mtu miezi mitano, basi si za kutegemea. Dira nayo husoma kaskazini ya sumaku, na hiyo imehama tangu wakati ule. Shirika la NOAA la Marekani lina ramani kwenye intaneti inayoonyesha tofauti hiyo kwa kila mwaka tangu 1590; bila kuirekebisha, mwendo wa siku kumi unaweza kukupeleka bonde lisilo lenyewe.

Majina ya watu ndiyo yanayowavunja moyo wengi. Mnyamwezi akishajiunga na msafara wa pwani mara nyingi alichukua jina la pwani: Juma, Hamisi, Baraka, Mabruki, Uledi, Feruzi. Orodha moja inaweza kuwa na akina Mabruki watatu, ndiyo maana mmoja aliitwa Mabruki Speke, kwa jina la bwana aliyesafiri naye. Mtu aliyeajiriwa mara mbili angeweza kuwa na majina mawili. Na huyo Mzungu aliandika kwa sikio lake: Faraji akawa "Ferajji", Mnywa Sere akawa "Manua Sera", waungwana wakawa "Wanguana". Mimi hutafuta kwa konsonanti, nikibadilisha l na r, na kuongeza h mwishoni.

Hilo neno "Wanguana" lisiwadanganye, halitaji kabila. Waliitwa hivyo watu wa Unguja na pwani, na ndani yao walikuwamo Wayao, Wanyasa, Waganda, wengi wao wakiwa wametekwa au ni watoto wa waliotekwa. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton, Speke, Stanley na msafiri mwingine Mwingereza, Cameron, alikuwa Myao aliyeuzwa akapelekwa India, na jina la mji likawa lake. Vilevile "Mnyamwezi" kwenye orodha ya pwani aliweza kuwa yeyote aliyetoka magharibi ya Ugogo.

Orodha zenyewe ziko za aina mbalimbali. Kitabu cha Stanley cha safari ya 1874 hadi 1877 kina orodha ya waliokufa, kila mmoja na tarehe, mahali na sababu. Kinasema waliondoka Bagamoyo watu 356. Daftari zake za safari zinatoa idadi ndogo zaidi. Hilo liwe funzo: kitabu kilichopigwa chapa kiliandikwa kuuzwa, daftari liliandikwa chini ya mti. Siku zote naanza na daftari. Za Stanley ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na faharasa yake inasomeka bure kwenye intaneti. Nyingi za Livingstone zimewekwa kwa picha kwenye tovuti ya Livingstone Online, pamoja na zile za 1871 alizoandika juu ya kurasa za gazeti kwa wino wa matunda, baada ya karatasi kumwishia. Tarehe nazo zina kasoro: Stanley aliandika kwamba walikutana Ujiji 10 Novemba 1871, na daftari la Livingstone linaweka mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua na kupoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo tofauti ya wiki mbili isiwafanye mtupe ushahidi.

Kumbukeni pia kwamba wapagazi wetu waliajiriwa kwa kipande cha njia. Mtu aliyechukua mzigo Bagamoyo aliushusha Unyanyembe akaenda kwake, na wengine wakaandikwa hapo. Msimsake babu mpaka Kongo. Tena jina likifuatiwa na neno la kutoroka, msione aibu. Wengi waliokataa kuendelea walikuwa wamefika nyumbani.

Kuna kundi moja la kuangaliwa kwa makini. Agosti 1872 watu 57 waliotumwa na Stanley kutoka pwani walimfikia Livingstone hapo Kwihara, wakaondoka naye tarehe 25. Hao ndio, pamoja na watumishi wake Susi na Chuma, walioubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo, alikofia, hadi Bagamoyo, wakifika Februari 1874, na walipita Unyanyembe. Chama cha Jiografia cha hapa London kilitengeneza medali 60 kwa ajili yao, jina la mtu likichongwa ukingoni. Kama kwenye sanduku la bibi kuna sarafu nzito isiyo pesa, msiisugue kwa majivu wala limau. Ipigeni picha pande zote mbili, halafu ishikeni wima dirishani, mwanga ulale juu ya ukingo, mpige picha ukingo mzunguko mzima.

Upande wangu nitakwenda Nyaraka za Taifa za hapa, mtaa wa Kew. Kuingia ni bure. Wanataka kitambulisho cha jina na kingine cha anwani, penseli badala ya kalamu, na picha unapiga mwenyewe. Nitaanza na mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza (FO): FO 84, barua za biashara ya utumwa mpaka 1892, na FO 54 ya Maskati na Unguja. Humo mna barua za balozi wa Uingereza huko Unguja, na malalamiko ya wapagazi kuhusu mishahara yamo pia. Kila picha naipa jina la mfululizo, juzuu na ukurasa papo hapo, maana picha mia mbili zisizo na namba ni takataka ikifika jioni.

Upande wenu kuna mahali pawili pa kwanza. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam mna mafaili ya Wajerumani na vile vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, vyenye koo, watemi na mipaka. Msiamini kila mti wa ukoo uliomo, mingi iliandikwa wakati watu wanagombea utemi. Pa pili ni parokia. Mapadre weupe walifika Ujiji 1879, na mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwapo Bagamoyo tangu 1868. Daftari za ubatizo ni za Kilatini: "pater" ni baba, "mater" mama, "patrinus" msimamizi. Mtu aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kumtaja babake aliyezaliwa miaka ya 1840, na hapo tumeshafika. Msiombe kupekua wenyewe. Mpeni padre jina, kijiji na miaka kumi ya kutafuta.

Nileteeni kwanza sauti za wazee watatu, kila mmoja akihojiwa peke yake, maana wakikaa pamoja mkubwa atasema na wengine wataitikia. Mkubwa wao ahojiwe mwisho.

Nisalimieni wote.

Wenu mtoto