Kaka, toba yako sijaikataa

Kaka yangu,

Mama ananiambia unalalamika kwamba Mungu alishakusamehe, wazee walishakusamehe, mkeo naye alitamka kwa kinywa chake, na aliyebaki kukushikia fimbo ni dada yako, tena aliyesomea ushauri. Jumbe zangu huzijibu, kwa hiyo naandika hapa. Najua huku unapita. Jina lako sitalitaja, na wasomaji wengine watanivumilia.

Nianze na lile lililokuuma kwanza. Ulipotaka nikae nawe, nikakuelekeza kwa mshauri mwingine, ukasema nimekutupa kwa mtu baki. Kaka, mshauri hakai na ndugu yake wa damu. Nusu ya maneno yako ningeyasikia kwa masikio ya mtoto uliyembeba mgongoni, nusu nyingine kwa masikio ya wifi yake mkeo. Yule niliyekupeleka kwake anaijua Biblia kuliko mimi na anaujua uraibu wa kamari. Ulienda, ukaacha siku alipokuambia ulete hesabu.

Hesabu. Hapo ndipo unapokwama kila mara.

Wengi huja kwetu wakidhani mtu akishalia vya kutosha, ametubu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ipo huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na ipo huzuni ya dunia, na mimi nimeona zote mbili zikilowesha leso. Mshauri hazitofautishi kwa kutazama macho. Anasikiliza mtu anasikitikia nini: alichomtendea mwenzake, au alichopoteza yeye mwenyewe. Sauli alimwambia Samweli "nimekosa", na kabla hajameza mate akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Daudi, Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo", alikiri dhambi yake na hakuomba heshima ya mtu. Alisamehewa palepale, na bado akaambiwa upanga hautaondoka nyumbani mwake.

Unajua kwa nini namtaja Sauli. Siku ile sebuleni kwa Mama ulipiga magoti, ukalia hadi baba mdogo naye akaanza kulia. Mimi pia koo lilinibana, usidhani nina moyo wa jiwe. Ukasema, "Kama binadamu, nimeteleza." Ulichotenda hukukitaja. Kisha ukainuka, ukafuta uso, ukamgeukia mkeo mbele ya watu wote: "Sema umenisamehe ili wasikie." Alikuwa bado ameshika sinia la vikombe. Hakuna aliyempokea. Akasema, "Nimekusamehe," akitazama sakafu, nawe ukapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi, ukauliza anarudi lini nyumbani.

Hapo ndipo niliposema halazimiki kujibu leo. Neno hilo moja ndilo unalonidai mpaka sasa. Unasema nilikuvunjia heshima mbele ya wazee. Na yeye je, na lile sinia?

Watu walioacha pombe kwa njia ya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza 1935, wana hatua zao 12, na ya nane na ya tisa zingekufaa sana. Unaorodhesha wote uliowaumiza, kisha unakwenda kurekebisha ulichowaharibia, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Msamaha unaodaiwa hadharani, mwenye jeraha akiwa hana pa kukimbilia, ni jeraha la pili.

Unapenda kusema deni limefutwa msalabani. Naamini hivyo kama wewe. Lakini akiba aliyokuwa akiiweka mkeo, uliyoichukua usiku ukaimalizia kwenye mikeka ya mpira, imeandikwa kwenye daftari lake, na daftari hilo halikufutwa. Zakayo hakungoja kuambiwa. Alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati kwenye Hesabu sura ya 5 iliagiza mkosaji akiri, arudishe kitu kizima, na aongeze sehemu ya tano. Yohana Mbatizaji, makutano walipomuuliza wafanye nini, alimpa kila mtu jibu la kazi yake: mtoza ushuru asitoze zaidi ya kiwango, askari asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Wewe jibu lako lingekuwa lipi? Nadhani lingeanza na simu yako kukaa mezani bila nywila, na mshahara kupita mkononi mwa mtu mwingine kwa muda, hata ikikuudhi.

Mama anasema nimekuwa hakimu. Sijawahi kumwambia mkeo asirudi. Nilimwambia akirudi, isiwe kwa sababu ya macho ya watu, na hayo ni maneno mawili tofauti. Ningekuwa nakuchukia ningenyamaza, maana kunyamaza kungenifurahisha na wazee na wewe, na leo ningekuwa naalikwa kula kwako. Nimewaona wengi waliorudishwa haraka nyumbani kwa shangwe, kisha jambo likajirudia kwa siri zaidi, na wa kulaumiwa akawa mke "asiyesahau". Sikutaka wifi yangu awe huyo. Sikutaka na wewe uwe huyo mwingine.

Na usisikie kwamba nasema kamari ni dhambi tupu ya kuombewa ikaisha. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, umeiweka kamari ya kupindukia pamoja na uraibu wa dawa za kulevya na pombe. Kuna tiba, kuna vikundi, kuna njia ya kuzuia akaunti za kubeti. Mchungaji aliyekuwekea mikono akasema roho hiyo imetoka, akakuacha uende peke yako, alikuonea kwa wema wake. Uliporudia ukaona hata Mungu amekushindwa, ukaanza kujificha. Aibu ndivyo inavyofanya: hatia humwambia mtu "umetenda vibaya, nenda ukarekebishe", aibu humwambia "wewe ni mbaya", naye akaenda kutafuta pa kusahau. Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, lakini kwa Yesu, aliyemsaliti, hakurudi. Petro alilia kwa uchungu, na baadaye akakaa kando ya moto wa makaa aulizwe na Yesu mara tatu kama anampenda. Ilimhuzunisha, Yohana anasema. Hakuondoka.

Wewe hasa! Unakumbuka redio ya baba? Sote tulijua aliyeivunja ni mdogo wetu, nawe ukasimama ukasema "ni mimi", ukachapwa. Kosa lisilo lako ulilibeba bila kupepesa. Hili lililo lako unalisema kwa "kama binadamu". Liseme kwa jina lake. Nilichukua, kiasi fulani, siku fulani, nikadanganya, nikamwacha mke wangu amshuku msichana wa kazi. (Yule msichana naye, kaka, aliondoka na sifa ya wizi. Yuko kwenye orodha yako?)

Nimezungumza na yule mshauri. Nafasi yako ya Alhamisi jioni hajaigawa. Mkeo hajui kama naandika haya, na usimuulize.

Ile namba yako ya pili, uliyowaapia wazee kwamba umeifunga, ilinipigia Jumapili. Sikupokea. Nipigie kwa hii ya siku zote, nitapokea hata usiku wa manane.

Dada yako.